Unaacha ndai kwa parking wiki tatu? Toa waya ya negative kwanza

Diso ikifika wasee huchukua basi ama SGR kuenda ocha, ndai inabaki Nairobi. Januari unarudi, unafinya rimoti, kimya. Na hiyo ndio Januari huna doo ya betri ingine.

Shida ni kwamba gari ikizimwa hailali kabisa. Alamu, trekka, saa ya redio na kompyuta ya injini ziko macho, zinakula moto pole pole. Kwa gari iko poa ni kama miliampi 50 ama chini. Piga hesabu: miliampi 50 siku nzima ni 1.2Ah, kwa hivyo betri ya NS60 yenye 45Ah inafika nusu kwa siku 19 hivi. Hiyo ni betri mpya. Yako ya miaka tatu, na kamera ya dashibodi juu, haitoboi.

Betri ikikaa bila moto, salfeti inaganda kwa zile sahani za risasi ndani. Utapigwa jampa, gari iwake, lakini haitashika chaji vile ilikuwa inashika.

Sasa ile dawa ya mtaa, "soja aniwashie dakika tano kila wiki." Wacha. Starta inavuta moto mob kwa mpigo mmoja, na injini ikinguruma tu hapo kwa parking hairudishi ile imetumika. Kama kuna mtu wa kuaminika, aiendeshe nusu saa. Si yule kazo wako wa Thika Road usiku.

Kama hakuna, tafuta spana namba 10, kwa gari nyingi za Japani ndio inaingia. Legeza waya ya negative, ile ya alama ya kutoa, ivute kando na uifunike na kitambaa. Usianze na positive, juu spana ikigusa bodi utaona cheche za Diwali. Ukirudi, negative ndio inarudishwa mwisho.

Lakini kabla ukate, cheki hizi. Redio nyingi za kutoka Japani hujifunga zikikosa moto na kuitisha kodi, na kuipata ni kugharamika. Watu wa trekka waambie mapema, hasa kama logbook iko kwa mkopo, wasidhani unatoroka na gari. Na milango haitasikia rimoti, so jaribu ufunguo wa chuma kwanza. Kwa smati kii umefichwa ndani yake.

Aqua na hybrid zingine zina betri ndogo ya 12V, mara nyingi nyuma, na ikikufa gari haiwaki hata kama ile kubwa imejaa. Boneti na buti zizoee kufunguka kabla hujakwama.

Siku ya kusafiri, pima na mita gari ikiwa imezimwa masaa kadhaa. 12.6V imejaa, 12.2V iko nusu. Ikiwa nusu, ichaji kwanza ndio ukate.