Njia ya Pamba: Kutoka Khambhat hadi Salem, na Nyumbani Kwetu



Wazee wetu walikuwa na kitambaa cha pamba, kizito, kisichopaushwa, wakakiita merikani. Kilikatwa shuka za vitanda, kikashonwa matanga ya mashua, kikavaliwa shambani. Jina lilizoeleka mno hata hapana aliyeona ajabu kwamba nchi iliyo mbali vile ndiyo iliyoipa jina nguo ya mkulima wa Pemba na ya mpagazi wa Unyamwezi. Kamati ya mkutano wetu iliniomba niandike juu ya mambo ya dunia, tangu zama za biashara ya majahazi hadi zama za viwanda. Dunia ni kubwa na kurasa ni chache. Kwa hiyo nimeshika uzi mmoja tu, uzi wa pamba, kwa kuwa huo umepita pia katika nyumba yetu, na umepita hasa mahali ambapo shajara yetu imenyamaza.

Kwanza tuondoe dhana moja. Vijana wetu waliozaliwa ughaibuni hudhani kwamba pwani yetu ilikaa ikingoja kuvishwa na wageni. Sivyo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zikifumwa papo hapo na kupelekwa hadi Misri. Kilwa nako, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua pete za udongo zilizotiwa kwenye vijiti vya kusokotea uzi, nyingine zimechongwa kutokana na vigae vya vyungu vilivyovunjika. Mtu aliyefanya kazi hiyo hakutupa kitu.

Hata hivyo nguo nyingi zilitoka Gujarati, kwa bandari ya Khambhat. Kaskazi ilipovuma, kuanzia Novemba au Disemba, vyombo viliteremka na nguo na shanga. Kusi iliposhika, vilirudi na dhahabu na pembe. Dhahabu ilitoka nyanda za Zimbabwe ikapitia Sofala, na faida yake ndiyo iliyoipa Kilwa jumba la Husuni Kubwa katika karne ya 14. Nguo za Gujarati zilizopigwa chapa zilifika pia Fustat, mji wa kale wa Kairo, ambako vipande vyake vimehifadhiwa na mchanga mkavu hata vikaonekana katika zama zetu. Mfumaji wa Khambhat alifuma kwa ajili ya watu ambao asingewaona maisha yake yote, naye ilimlazimu kuzijua ladha zao.

Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, ameeleza jambo linalonipendeza kuliko mengi. Watu wa Sofala walifuma pamba yao nyeupe, lakini hawakuwa na rangi ya kuitia. Basi wakachukua nguo za buluu za Khambhat, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakaufuma upya uzi huo pamoja na wao mweupe, wakapata nguo ya rangi mbili. Huyo si mtu anayengoja kuvishwa.

Habari za Wareno zinajulikana, sitazirefusha. Walifika mwaka 1498, wakazipiga Kilwa na Mombasa mwaka 1505, wakavitaka vyombo vya watu vichukue hati zao za kupita baharini. Walisumbua sana, lakini hawakuwa na nguo yao wenyewe iliyotakiwa na watu, na iliwabidi nao kuinunua Gujarati. Ngome ya Yesu, waliyoanza kuijenga mwaka 1593, ilitwaliwa na Waomani mwaka 1698, na majahazi yakaendelea na safari zake.

Badiliko kubwa lilitoka kwingine. Waingereza walizipenda nguo za pamba za Kihindi kiasi cha kuwatia hofu wafumaji wao wa sufu. Bunge likazuia kuingizwa kwa nguo za nakshi kutoka India kwa sheria ya mwaka 1700, kisha kwa sheria ya mwaka 1721 likazuia hata kuvaliwa kwa nyingi katika nguo hizo. Nyuma ya ukuta huo ndipo walipojifunza kuiga. Mwaka 1769 Richard Arkwright alipata hati ya mashine ya kusokota kwa nguvu za maji, na mwaka ule ule James Watt akapata hati ya injini yake ya mvuke. Edmund Cartwright akafuata mwaka 1785 na kitanda cha mfumi kisichohitaji mkono wa mtu kurusha uzi. Uingereza ilikataza siri za mashine hizo zisitoke nchini. Francis Cabot Lowell wa Boston alizuru viwanda, akayahifadhi kichwani aliyoyaona, akarejea kwao mwaka 1812. Miaka miwili baadaye kiwanda kilikuwa kikisokota na kufuma pamoja mjini Waltham, Massachusetts.

Wapo miongoni mwenu wanaoishi si mbali na hapo. Kaskazini kidogo ya Boston ipo bandari ndogo ya Salem, ambayo merikebu zake zilianza kuzoea Unguja katika miaka ya 1820. Tarehe 21 Septemba 1833 Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, ushuru ukiwa asilimia 5. Mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akaja kukaa Unguja kuwa balozi mdogo, miaka minne kabla ya mwenzake Mwingereza. Sayyid naye akapeleka chombo chake, Sultana, kikatia nanga New York mwaka 1840 na mjumbe wake Ahmad bin Naaman, kimebeba tende, kahawa, pembe, karafuu na ngozi. Kiliporudi kilikuwa na majora ya nguo za viwandani. Mwaka 1847 kiwanda cha mvuke cha Naumkeag kikaanza kazi Salem kwenyewe.

Merikani ilipendwa kwa kuwa ilikuwa nzito na ilidumu. Ilipimwa kwa mkono: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti. Huko bara ilikuwa fedha hasa. Kwayo walilipwa wapagazi, kwayo ilinunuliwa posho, kwayo ilitolewa hongo kwa watemi ili msafara upite. Wala wanunuzi hawakuwa wapole. Waingereza walileta nguo za kuiga, nyepesi zaidi, na watu wakazikataa. Na mfanyabiashara aliyepeleka bara rangi au upana usiotakiwa msimu ule aliweza kukaa na mzigo wake hadi uoze. Jamaa zetu wa Maskati nao wasione wamesahauliwa: vitambaa vya huko vyenye milia na pindo, kama debwani na subaya, vilivaliwa na wakubwa wa bara waliotaka kutofautiana na wenye merikani.

Sasa tutazame kilichotolewa badala yake. Sandarusi ya mrima ilipelekwa Salem, ikasafishwa, ikawa vanishi ya samani. Pembe zilikwenda Connecticut, katika miji ya Deep River na Ivoryton, zikakatwa vitana na vibao vya kinanda. Na pamba yenyewe ilitoka kusini mwa Marekani, ambako watumwa walikuwa kiasi cha 700,000 mwaka 1790, nao wakakaribia milioni 4 mwaka 1860. Yaani nguo iliyochumwa na Waafrika walio utumwani upande ule wa dunia ilivuka bahari, ikanunua pembe zilizobebwa mabegani upande huu, na ikanunua watu pia. Mashamba ya karafuu ambayo baadhi ya babu zetu walijivunia yalichumwa na watu hao. Sioni njia ya kuisimulia njia hii ya pamba huku nikilifumba jicho hilo.

Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 viliifanya merikani iwe adimu na ghali. Bombay, ambako kiwanda cha kwanza cha pamba kilianza kazi katika miaka ya 1850, ilipata nafasi yake. Mfereji wa Suez ukafunguliwa mwaka 1869, na kuanzia 1872 meli za moshi za British India zikaja Unguja kila mwezi bila kungoja kaskazi. Nguo sasa ilitoka Bombay na Manchester, lakini watu waliendelea kuiita merikani.

Mjakazi alivaa merikani, au kaniki iliyotiwa nili. Kanga za rangi, zilizopigwa chapa Uholanzi na Uingereza, zilienea mwishoni mwa karne ya 19, na hali ya utumwa ilipoondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani waliiacha kaniki wakavaa kanga, ili apitaye njiani asiweze kuwatambua kwa nguo. Lakini amri ya 1897 haikuwaweka huru masuria. Wao walingoja hadi mwaka 1909.

Mtoto wa suria alikuwa halali ya baba yake, alirithi, akaandikwa. Mama yake hakuandikwa. Tazameni shajara iliyochapishwa mwishoni mwa kijitabu hiki: wanaume wa kizazi cha nne wana majina yao, ya baba zao na ya babu zao, na wanawake wanne wameandikwa "mama wa fulani" tu. Hao nao ni bibi zetu, na damu yao tunayo sawasawa na ya wale waliokuja kwa jahazi. Kwa hiyo namwomba kila mzee aliye Unguja, Maskati, London au penginepo, akikumbuka jina la mmoja wao, au jina la kabila lake au la nchi aliyotoka, hata kama alilisikia likisemwa kwa sauti ya chini jikoni, aliandikie kamati. Shajara itachapishwa upya kwa ajili ya mkutano ujao, na mistari minne imeachwa wazi.