Idi ambayo Wingwi ilikataa Rambo

Wadau, juzi nimetupia kwenye stetasi kipande cha Kuch Kuch Hota Hai, jamaa mmoja akanijibu: "Kaka, bado tu unaangalia picha za kitoto?" Sikumjibu. Nikasema hili nitaliandikia, maana kwetu Wingwi picha za kufurahisha zina historia yake, na si ya kitoto hata kidogo.

Tuanze mbali kidogo. Sinema Zanzibar ni jambo la zamani. Mjini Unguja kulikuwa na majumba kama Majestic pale Vuga, na huku Pemba sinema zilikuwa Wete na Chake Chake. Picha za Kihindi ndizo zilizoshika watu. Raj Kapoor na Awaara yake ya mwaka 1951 wazee wanaitaja hadi leo, na wengi wao hawajui Kihindi zaidi ya maneno ya nyimbo. Unalia kidogo, unacheka, wanaimba, mwishowe wapendanao wanapatana. Kulikuwa hata na maonyesho ya wanawake watupu ili bi mkubwa naye aende bila maneno ya watu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba yakachukuliwa na serikali.

(Hapa nichomekee kitu, wengi hamkijui. Bara nako wakoloni walitengeneza picha za Kiswahili miaka ya 1950. Moja inaitwa Muhogo Mchungu, na ndani yake kaigiza Rashidi Kawawa. Ndiyo, huyohuyo aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Msanii kabla ya siasa!)

Sasa Wingwi. Si mjini, wadau. Ni wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa Pemba, sehemu kubwa ni maweni, karafuu tunakwenda kuchuma kwa wenzetu. Kwenda Wete kuangalia picha ilikuwa safari na nauli. Kwa hiyo sinema ilitufikia kweli ilipokuja deki. Bwana mmoja, jina silitaji kwa sababu mwenyewe hapendi, alileta televisheni, deki na jenereta, akajenga kibanda cha makuti. Vijana walikuwa wakitaka Rambo na Commando. Mtu mmoja anaua jeshi zima na watu wanashangilia, maana steringi hafi.

Halafu ikaja Januari 2001.

Walio wadogo waulizeni wazazi. Tarehe 26 na 27 kulikuwa na maandamano ya kisiasa baada ya uchaguzi wa 2000. Risasi zikapigwa, watu wakauawa Pemba, Micheweni ikiwemo, na wapatao elfu mbili wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Mie nilikuwa na mwaka mmoja. Mama alinivusha kifuani, usiku, ndani ya ngalawa. Hayo nimeambiwa na shangazi. Mama mwenyewe nikimuuliza habari za ngalawa ananiambia nenda kaangalie maji kama yamechemka.

Ila ukimuuliza Idi ya mwaka ule, anakaa kitako.

Mwezi wa Oktoba vyama vilitia saini Muafaka, na sisi tulikuwa tumesharudi. Idi el Fitri ikaangukia Desemba. Yule bwana akafungua kibanda, wanawake upande mmoja, wanaume mwengine, akauliza kama kawaida: niweke ipi? Mkononi ana Commando na kanda ya Kihindi. Mama anasema palikuwa kimya. Kisha kijana mmoja, wale wale waliokuwa wakipiga mbinja bunduki ikilia, akasema: "Weka ya Kihindi, bwana." Hakuna aliyembishia.

Ndiyo Kuch Kuch Hota Hai, picha ya 1998, Shah Rukh Khan, Kajol na Rani Mukerji. Kuna mtoto wa Kikalasinga mle, hasemi, kazi yake kuhesabu nyota. Mama anamkumbuka huyo kuliko Shah Rukh. Picha nzima kimya, halafu Kajol anataka kuondoka na mtoto anafungua mdomo kumwambia asiende. Kibanda kizima, anasema mama, kilicheka na kulia kwa pamoja, na hakuna aliyejua Kihindi.

Nina ugomvi na picha ile, nisiwadanganye. Kajol akivaa suruali na kucheza mpira haonekani, akivaa sari ndipo anapendwa. Hapo waliniudhi. Lakini ukimwambia mtu kwamba picha hizi ni nyepesi kwa sababu mwisho wake unajulikana, basi fikiria watu walioketi kwenye kile kibanda, ambao mwaka mzima hawakujua kesho kutakuchaje. Mwisho unaojulikana ndio hasa waliokuwa wamelipia.

Baadaye mambo yakawa rahisi. Mwaka 2010 umeme ukaletwa Pemba kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, na Tanga hiyohiyo ikatupa King Majuto. Mama akawa mtu wa CD za Majuto. Akianza tu kulalamika na ile sura yake, nyumba nzima tumekwisha. Kibanda kikafa polepole, kila mtu ana kwake.

Siku hizi mama anaangalia kwenye simu yangu. Wiki iliyopita nilimfungulia Kuch Kuch mwanzo kabisa, pale Tina anapokufa hospitali na kuacha kichanga. Akanipiga kofi la mkono.

"Peleka mbele. Hapo sipataki."

Nikamwambia mama, bila hapo huielewi hadithi.

"Naielewa toka hujajua kusema," akasema. "Na yule bwana wa kibanda siku ile alipapeleka mbele vilevile. Hatukumwambia."