Johnny Smythe: Mwanahewa wa Afrika aliyekuwa mateka wa Wajerumani

JOHNNY Smythe alizaliwa Freetown, Sierra Leone, mwaka wa 1915. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alijiunga na jeshi la wanahewa la Uingereza, akawa mwelekezi wa njia katika ndege za kuangusha mabomu.

Mnamo Novemba 1943, ndege yake ilitunguliwa Ujerumani. Ingawa alikuwa amejeruhiwa, aliruka kwa mwavuli, akajificha ghalani, lakini akanaswa.

Alizuiliwa katika kambi ya Stalag Luft I, mjini Barth. Huko aliwasaidia wenzake kupanga njama za kutoroka, ila yeye mwenyewe hangeweza kutoroka: rangi yake ingemfichua mara moja.

Majeshi ya Usovieti yaliwakomboa mateka hao Mei 1945. Baadaye Smythe alisomea sheria, akawa Mwanasheria Mkuu wa Sierra Leone. Alifariki 1996.