Udongo Kwenye Jukwaa la Baleti

Desemba 1975, katika jumba la opera la Wuppertal, mji wa viwanda nchini Ujerumani, wachezaji walikanyaga jukwaa lililofunikwa udongo. Mtunzi wa dansi Pina Bausch alikuwa ameuchukua muziki wa Igor Stravinsky, Le Sacre du printemps, ule uliozua zogo Paris mwaka 1913, akautungia dansi mpya: kundi linatafuta msichana wa kutolewa kafara, na nguo moja nyekundu inapita mikononi mwa wanawake wenye hofu, hadi mmoja wao anavishwa na kucheza mpaka kufa.

Kwa zaidi ya miaka 20 kazi hiyo ilibaki kwa kundi la Bausch peke yake. Mwaka 1997 akaikabidhi Baleti ya Opera ya Paris.

Hapo ndipo penye utamu wa kisa hiki. Mchezaji wa baleti hufunzwa tangu utotoni kuficha uchovu, aonekane hana uzito. Bausch alidai kinyume chake: miguu mitupu, magoti yaliyokunjwa, viwiko vinavyochoma tumbo, pumzi inayosikika ukumbini. Udongo hugandamana na jasho, hupaka nguo na nyuso, huifanya kila hatua iwe nzito. Mambo hayo hayajifunzwi kwa video pekee. Wachezaji wa zamani wa Wuppertal huyarithisha wenyewe, ana kwa ana.

Bausch alifariki mwaka 2009. Mwaka 2017 English National Ballet ikawa kampuni ya kwanza ya Uingereza kuicheza kazi hiyo. Mwaka 2020 wachezaji kutoka nchi 14 za Afrika wakaifanyia mazoezi katika shule ya dansi ya École des Sables, Senegal.