Magoli 9, na kisha?

Wandugu, nikisikia vijana wanaimba jina la mufungaji pale stade ya Kadutu, ninakumbuka Ndaye Mulamba. Mwaka 1974, kule Misri, alifungia Zaire magoli 9 katika Kombe la Afrika moja. Mpaka leo hakuna mwenye alimupita. Miezi mitatu kisha, Kombe la Dunia: Yugoslavia 9, Zaire 0, na yeye akapewa kadi nyekundu kwa kosa la mwenzake. Mwaka 1994 majambazi walimupiga risasi ya mguu. Akakimbilia Afrika Kusini, akaishi masikini. Mwaka 1998, kule Burkina Faso, uwanja ulinyamaza dakika moja kwa ajili ya kifo chake. Kumbe alikuwa muzima! Alifariki 2019.

Kwetu agronomia tunajua: mavuno bila ghala ni njaa ya kesho. Ghala ya wachezaji wetu, nani ataijenga?