Figo inavyochuja damu mpaka mkojo unatoka

Swali la figo lilinitesa sana kidato cha nne. Mchoro niliukariri wote ila sikuelewa kitu. Nimekuja kuelewa mwaka huu, namsindikiza mjomba hospitali kusafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki, kama masaa 4 kila tukienda. Twende taratibu.

Figo ziko mbili, nyuma ya tumbo, moja kila upande wa uti wa mgongo, kila moja saizi ya ngumi. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo sana, karibu milioni 1, vinaitwa nefroni. Kila dakika inapita kwenye figo zote mbili zaidi ya lita 1 ya damu.

Kwanza ni kuchuja. Damu inaingia kwa nguvu kwenye kifundo cha mishipa myembamba, glomerulasi. Ile nguvu inasukuma maji, chumvi, sukari na taka inayoitwa urea viingie kwenye mrija. Chembe za damu na protini ni kubwa, hazipiti. Ni kama kuchuja nazi: tui linapita, machicha yanabaki.

Hapa ndo nilikuwa nachemsha. Kilichopita bado sio mkojo! Kwa siku zinachujwa kama lita 180, zingetoka zote ungekauka siku hiyohiyo. Kwa hiyo hatua ya pili, mrija unarudisha kwenye damu vitu vya maana: karibu sukari yote, chumvi nyingi, na maji kama asilimia 99. Yaani figo inamwaga begi zima chini, halafu inaokota vya kwake.

Tatu, mrija unavuta kutoka kwenye damu taka zilizobaki, kama asidi, potasiamu iliyozidi na baadhi ya dawa. Mwisho zinabaki lita 1 mpaka 2 hivi, ndo mkojo, unashuka kwenye kibofu. Usipokunywa maji ya kutosha, ubongo unatoa homoni ya kuiamuru figo irudishe maji zaidi. Ndo maana mkojo unakuwa wa njano iliyokolea.

Sasa mjomba. Alikuwa na presha, akaacha dawa kisa anajisikia mzima. Presha ya miaka mingi inaharibu vile vichujio, kisukari nacho hivyohivyo. Kichujio kikiharibika protini inaanza kupita, na nefroni ikifa hairudi. Ubaya wake haiumi! Zilizobaki zinabeba kazi ya wenzao kimyakimya, mtu anakuja kushtuka miguu imevimba.

Wakati protini kwenye mkojo inaweza kuonekana mapema, kwa kipimo tu. Kama nyumbani kuna mzee mwenye presha au sukari, mpeleke akapime mkojo na damu, na asiache dawa bila kuongea na daktari. Sisi tulichelewa.

Mwenye swali aliweke hapo chini. Likinishinda, nitawauliza manesi siku ya zamu ya mjomba.