Nyumba Iliyojengwa kwa Mikono: Habari za Maisha ya Nyumbani Omugo na West Nile

Kila nyumba ina historia yake, ingawa si kila historia huandikwa. Vitabu vingi vielezavyo habari za West Nile hutaja vita, mipaka na watawala. Ni vichache vitajavyo mtungi, mkeka, jiwe la kusagia na ghala la nafaka. Hata hivyo, mtu atakaye kujua jinsi watu wa Omugo, Arua na Koboko walivyoishi na kuzivuka taabu zao, hapana budi avitazame vitu hivyo vidogo. Watawala wamepita mmoja baada ya mwingine, lakini ujuzi wa kufinyanga, kusuka na kuezeka ulibaki mikononi mwa watu.

Omugo iko Terego, kaskazini-mashariki ya mji wa Arua. Kwa muda mrefu ilihesabiwa katika Wilaya ya Arua, na tangu mwaka 2020 imo katika Wilaya ya Terego. Wenyeji wake ni Walugbara. Kaskazini yao wako Waaringa wa Yumbe, na upande wa Koboko wako Wakakwa. Nchi hii ilibadilisha watawala mara nyingi katika muda mfupi. Emin Pasha alifanywa gavana wa Equatoria mwaka 1878, na mwaka 1885 alihamia Wadelai, ukingoni mwa Mto Nile, pamoja na askari wake wa Kisudani. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua wengi wa askari hao kwenda kusini, na wazao wao ndio wajulikanao kwa jina la Wanubi. Kuanzia 1894 nchi ilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alipokwisha kufa ikatiwa chini ya Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 ikaingizwa katika Uganda. Katika misukosuko hiyo dini ya Kiislamu iliingia pamoja na askari na wafanya biashara, ikapata makao katika Arua, Koboko na Aringa.

Nyumba ya asili ya nchi hii ni ya mviringo. Miti huchimbiwa chini, fito hufungwa kwa kamba, kisha ukuta hukandikwa udongo ndani na nje. Paa huezekwa kwa nyasi zilizokatwa wakati wa kiangazi, zilipokwisha kukauka vizuri. Sakafu husilibwa kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, ikawa ngumu na safi, isiyotoa vumbi. Karibu na nyumba husimama ghala la nafaka, lililosukwa kama kikapu kikubwa, likapakwa udongo na kuinuliwa juu ya mawe au magogo ili mchwa na unyevu visiufikie mtama. Paa la ghala ni kama kifuniko: mwenye nyumba huliinua, huchota kiasi cha siku, kisha hulirudisha mahali pake. Hakuna hata kitu kimoja katika nyumba hiyo kilichohitaji kununuliwa kutoka mbali, na nyumba hiyo ikichakaa hurudi ardhini bila ya kuacha takataka.

Jikoni pia mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mtungi wa udongo huyapoza maji kwa njia iliyo wazi kwa kila mtu atakayefikiri: maji kidogo hupenya katika udongo, hukauka nje kwa upepo, na kukauka huko huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Kibuyu hukatwa kuwa kata ya kunywea. Mihogo mikavu na mtama husagwa pamoja kupata unga wa enyasa, chakula kikuu cha Walugbara. Ufuta na karanga hupondwa kuwa kitoweo. Mafuta ya shea hutoka katika mti uotao wenyewe mashambani. Samaki wakavu huletwa kutoka Mto Nile. Na kumbikumbi waliorukia taa wakati wa mvua huwa karamu ya watoto na wazee.

Wanawake wa Kinubi walileta ustadi wao. Chombo kile ambacho watu wa pwani hukiita kawa, yaani kifuniko cha chakula, Wanubi hukiita kuta. Hutengenezwa kwa kuzungusha na kushona nyuzi za majani makavu, zilizotiwa rangi, mpaka sahani nzima ikafunikwa. Katika mwezi wa Ramadhani, wakati futari inapopelekwa kwa jirani au msikitini, kifuniko hicho hukilinda chakula na vumbi na nzi, na kwa rangi na nakshi zake nyumba iliyokipeleka hutambulikana. Ustadi huo umeenea popote Wanubi walipokaa, tangu Arua hadi Bombo, na hadi Kibera katika nchi ya Kenya. Chuoni nako, kwa desturi iliyotoka Sudan, mtoto aliandika aya zake juu ya ubao kwa wino wa masizi. Alipokwisha kuhifadhi aliuosha ubao akaandika upya. Ubao mmoja ulitosha kwa miaka mingi, wala haikutupwa hata karatasi moja.

Wako wasemao kwamba hayo yote yalikuwa umaskini tu, na kwamba mtu huishi hivyo kwa sababu hana la kufanya. Neno hilo lina ukweli kidogo. Vijana wengi wa Kilugbara katika zama za Waingereza walikwenda kusini kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, na mshahara wao ulirudi nyumbani katika sura ya nguo, baiskeli, sufuria na mabati. Hakuna haja ya kuwalaumu. Bati halivuji kama nyasi zilizochakaa, na sufuria haivunjiki kama chungu. Lakini bati hudai fedha, na ujuzi haudai kitu. Na siku ilikuja iliyoonyesha tofauti ya mambo hayo mawili.

Siku hiyo ilikuja baada ya Serikali ya Idi Amin kuanguka mwezi wa Aprili 1979. Mwaka 1980, hasa mwezi wa Oktoba, vita viliingia West Nile kwa nguvu. Arua na Koboko ziliharibiwa vibaya, na watu wengi mno wakakimbilia Sudan na Zaire. Mabati yaliachwa nyuma, na maduka yakaporwa. Kilichovuka mpaka pamoja na wakimbizi ni kile walichokijua. Katika makambi ya upande wa Yei watu walikata miti na nyasi, wakajenga nyumba zile zile za mviringo, wakafinyanga vyungu, wakasuka mikeka, wakalima mihogo. Mzee aliyejua kuezeka alikuwa na thamani kuliko tajiri aliyekuwa na hati ya nyumba mjini. Waliporejea, wengi wao katikati ya miaka ya 1980, walikuta mashamba yamekuwa mwitu, wakaanza tena kwa mikono ile ile.

Amani iliporudi, ilileta jaribu la namna nyingine, nalo halikuja na bunduki. Watu waliongezeka, na kila familia ilitaka nyumba ya kudumu. Matofali ya kuchoma yakaenea. Ni jengo zuri, lakini tanuri la matofali hula kuni nyingi. Tumbaku, iliyokuwa zao la biashara la West Nile kwa miaka mingi, ilihitaji miti ya kujengea mabanda ya kukaushia, na pengine kuni za kukaushia. Kisha yakaja makaa: miti ya shea, ambayo wazee waliiacha shambani walipofyeka vichaka, ikakatwa na kuchomwa ili kuuzwa mijini. Hapo zamani mtu angeweza kukata tawi kavu karibu na nyumba yake. Mwanawe leo hutembea mwendo mrefu kutafuta mzigo mmoja. Mwaka 2023 Serikali ya Uganda ilipiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara katika kaskazini ya nchi, jambo ambalo peke yake laonyesha hatari ilivyokuwa imefika.

Katikati ya hali hiyo yalitokea mambo ya mwaka 2016 na 2017. Vita vya Sudan Kusini vilienea Equatoria tangu Julai 2016, na mwezi wa Agosti 2017 hesabu ya wakimbizi wa Sudan Kusini katika Uganda ilifika milioni moja. Makao ya wakimbizi ya Rhino Camp yakajaa, na mwaka huo huo eneo jipya likafunguliwa Omugo katika ardhi iliyotolewa na wenyeji. Wengi walitoka upande ule ule wa Yei uliowapokea Walugbara, Wakakwa na Waaringa miaka thelathini na saba kabla yake. Deni la ukarimu lililipwa kwa ardhi. Na kwa mara nyingine watu waliofika mikono mitupu walijenga kwa udongo, miti na nyasi.

Hapa ndipo penye fundisho gumu. Maisha ya kujitengenezea vitu kwa mikono hayakuwa laini kwa ardhi kwa sababu mikono ni mitakatifu. Yalikuwa laini kwa sababu watu walikuwa wachache, mashamba yalipumzishwa, na miti ilipata muda wa kuota. Watu wakiwa wengi, mafiga matatu ya jadi huweza kumaliza msitu kama tanuri. Basi ujuzi wa wazee hautoshi kurithiwa tu. Hauna budi kutumiwa kwa hesabu. Mafiga yakizungushiwa udongo na kuwa jiko lililofungwa, upepo hauchukui moto sana, na joto zaidi huenda chunguni. Kuni zilizopasuliwa na kukaushwa huwaka vizuri kuliko mbichi. Maharagwe yaliyolowekwa usiku huiva mapema. Tofali lililokaushwa juani, likikingwa na paa pana, husimama bila ya kuni hata moja. Na mwenye kukata nguzo apande mche.

Mwislamu hana haja ya kuona haya kwa nyumba ya udongo. Msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie, ulijengwa Madina mwaka 622 kwa matofali mabichi, magogo ya mitende na paa la makuti. Imepokewa kwamba yeye mwenyewe alishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake, na kwamba alikataza kufuja maji ya udhu hata mtu akiwa kando ya mto. Aliyekatazwa kufuja maji ya mto atawezaje kuhalalishiwa kufuja miti ya nchi kavu?

Mabinti wa Omugo, Arua na Koboko wakijifunza kusuka kuta kutoka kwa mabibi zao, na vijana wakijua kukandika na kuezeka kabla ya kujua kununua, watakuwa na mali ambayo vita havikuweza kuipora mwaka 1980. Na wakiupanda mti wa shea mahali ulipokatwa, wajukuu wao nao watapata kivuli na mafuta. Mwenyezi Mungu awajaalie wenyeji na wageni wao kuitunza ardhi hiyo waliyoshirikiana, Amin.